Tunanunua magari ya zimamoto, tunasahau mtu wa kupokea simu

Alasiri moja ya Februari, miaka kadhaa iliyopita, niliwatuma vijana saba kwenda kuzima moto. Waliporudi walikuwa sita.

Sikuwa afisa wa zimamoto, wala leo si afisa. Nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji chetu, upande wa Shimba Hills, na kazi ya kupiga simu niliangukiwa nayo kwa sababu simu yangu ilikuwa na chaji na daftari nilikuwa nalo mkononi. Moto ulianzia kwenye shamba lililokuwa likisafishwa kungojea mvua za masika. Kaskazi ilikuwa imezikausha nyasi zikawa kama karatasi. Kufikia saa tisa moto ulikuwa umeruka njia ya ng'ombe na kuingia kichaka kinachopakana na msitu.

Ofisi ya kwanza niliyoipigia iliniambia huo ni moto wa msitu, hauwahusu. Ya pili ikaniambia bado haujaingia msituni, basi nao hauwahusu. Ya tatu ikaniuliza gari lipitie wapi, nikaeleza, nikaambiwa nisubiri. Huku nasubiri, majirani nao walikuwa wakipiga simu zizo hizo, kila mtu na maelezo yake. Huyu anasema moto uko juu ya shule, yule anasema uko chini ya kisima. Baadaye nilikuja kujua kwamba makundi mawili yaliyokuja kutusaidia yalielekezwa upande mmoja wa kilima. Upande wa pili, kwenye nyumba za makuti, hakuenda mtu ila wale vijana wetu saba na matawi mabichi mikononi.

Waliporudi sita, tuliita jina la yule wa saba mpaka sauti zikakauka. Simu yake ilikuwa imezimika. Wanaume wanne wakarudi ndani ya moshi kumtafuta, na mmoja wao aliungua mkono na mgongo. Kovu analo hadi leo. Kijana mwenyewe tulimkuta kwao, amelala. Alishikwa na kiu, akakata njia ya bondeni, akanywa maji, akajilaza. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukitoka kwenye moto lazima useme, na hata angetaka kusema hakujua amwambie nani.

Ilipaswa aniambie mimi. Mimi ndiye niliyemtuma.

Kila kaskazi inapoanza kuvuma hurudi kwenye siku ile, na kila mwaka husikia mjadala ule ule katika redio zetu na mikutano ya wadi: kaunti inunue magari zaidi ya zimamoto. Sipingi. Magari yanahitajika. Lakini siku ile watu walikuwepo, na msaada ulifika. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja, anayejua nani yuko wapi, mwenye mamlaka ya kusema nenda, ngoja, rudi. Nchi zinazopigana na moto wa msituni kila mwaka zimejifunza, kwa kuzika watu, kwamba mtu huyo ana uzito kuliko gari. Sisi bado hatujampa hata kiti.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wengi wetu tunadhani kupokea simu ya dharura ni kazi ya karani: simu inalia, unaandika, unapitisha. Kwa moto wa nyumba mjini, pengine yatosha. Nyumba haihami. Moto wa msituni unahama, unagawanyika, unavuka mipaka ya wadi na kaunti, na unaweza kuwaka siku kumi. Simu ya saa nane mchana haielezi tena hali ya saa tisa.

Marekani, ambako kazi hii imepangwa kwa kina, imejengwa kwa ngazi tatu. Chini kuna kituo cha eneo, kinachopokea taarifa za moshi na kutuma vikosi vya kwanza. Juu yake kuna kituo cha ukanda. Juu kabisa kuna kituo cha taifa mjini Boise, jimbo la Idaho. Kituo cha eneo kikiishiwa na watu, kinaomba kwa ukanda. Ukanda ukiishiwa, unaomba Boise. Nchi nzima huwekwa kwenye kipimo cha utayari cha kuanzia 1 hadi 5. Kikifika 5, maana yake watu na vifaa karibu vimekwisha na kila ombi litapimwa dhidi ya maombi mengine.

Jambo lililonivutia zaidi ni lile wanalofanya moto unapowashinda wale wa kwanza. Hawauachi ule moto mkubwa uvimeze vile viti vinavyopokea simu. Wanafungua chumba cha pili, chenye watu wake na msimamizi wake, kwa ajili ya moto huo mkubwa peke yake. Chumba cha kwanza kinabaki kusikiliza moshi mpya. Mantiki yake iko wazi: siku moto mkubwa unapowaka ndiyo siku nyasi zimekauka kila mahali, na ndiyo siku moto wa pili utazuka.

Msimamizi wa chumba hicho hapokei simu. Anawaangalia wanaopokea. Anahakikisha kikosi kimoja hakikuombwa mara mbili na watu wawili. Kila ombi hupewa herufi ya aina yake na namba: ndege zina herufi yake, vikosi vina yake, mitambo ina yake, na kadhalika watu mmoja mmoja na vifaa. Namba ile humfuata aliyeagizwa tangu anapotoka kwao hadi anaporudi. Kazi haiishi moto unapozimika. Inaisha mtu anapofika nyumbani.

Msimamizi huyo pia ndiye anayehesabu uchovu. Kanuni yao ni saa moja ya kupumzika kwa kila saa mbili za kazi, na kwa kawaida mtu hakai kwenye moto mmoja zaidi ya siku 14 bila kupewa mapumziko. Mpokeaji simu naye ni mtu. Aliyekesha usiku kucha akisikiliza wenzake wakihema redioni atakosea tarakimu moja ya mahali, na gari litakwenda kusiko.

Nilipoyasoma hayo nikaikumbuka ile njia ya bondeni. Kama ningekuwa na safu moja tu katika daftari langu, iliyoandikwa "amerudi saa ngapi," mgongo wa yule bwana usingeungua.

Walijifunza kwa msiba

Tusidhani wenzetu walizaliwa wakijua. Mwaka 1970, kusini mwa California, mioto ilizuka mfululizo kwa siku 13. Watu 16 walikufa, nyumba na majengo 700 yakateketea, na zaidi ya ekari nusu milioni zikaungua. Vikosi vilitoka kila upande kusaidia. Tathmini iliyofuata haikusema magari yalikuwa machache. Ilisema vikosi havikuelewana: kila idara ilikuwa na majina yake kwa vifaa vile vile, masafa yake ya redio, na safu yake ya amri. Gari la idara moja lilipita mbele ya gari la idara nyingine na hakuna aliyeweza kuzungumza na mwenzake. Kutokana na aibu hiyo ndipo ukazaliwa mfumo wa amri moja katika tukio moja, ambao leo unatumika sehemu nyingi za dunia.

Waswahili tulilisema zamani kwa lugha ya bahari: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini hata mfumo ukiwepo, habari isipofika ni bure. Tarehe 2 Julai 1994 radi ilipiga mlima uitwao Storm King, jimbo la Colorado. Moto ulikuwa mdogo, na kwa kuwa radi siku hizo ilikuwa imewasha mioto mingi katika eneo hilo, huo wa mlimani ukawekwa nyuma ya foleni. Uamuzi huo peke yake si kosa. Msimamizi mwenye mioto mingi na vikosi vichache lazima achague, na kipaumbele huwa ni kwanza uhai, kisha mali, kisha msitu.

Siku nne baadaye, tarehe 6, walikuwepo wazima moto 49 mlimani. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo kwamba alasiri hiyo ungepita mkondo wa hewa baridi wenye upepo mkali. Onyo lilikuwepo, limeandikwa. Wachunguzi walikuta kwamba halikuwafikia waliokuwa wakifyeka ukanda wa kuzuia moto kule juu. Upepo ulifika baada ya saa tisa alasiri. Moto ulivuka bonde na kupanda mteremko kwa kasi ambayo mwanadamu hawezi kuikimbia. Walikufa 14, wanne kati yao wanawake.

Wazima moto wa Marekani wana amri kumi walizoandikiwa tangu 1957, na ya kwanza kabisa ni kujua hali ya hewa na utabiri wake. Kwa hiyo kanuni ilikuwepo. Utabiri ulikuwepo. Redio zilikuwepo. Kiungo kilichokatika ni kile cha kati: mtu wa kuichukua karatasi, kubonyeza redio, kusoma, na kungoja kila kikosi kijibu "nimesikia."

Mfano wa tatu unafanana zaidi na sisi, maana ni wa mji wa kale wa pwani unaoishi kwa watalii. Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, uliwahi kuwa makao ya wafalme wa visiwa vile. Mashamba ya miwa na mananasi yalipoachwa, yalimezwa na nyasi za kigeni, na baadhi yake ni nyasi zilizotoka huku kwetu Afrika, zikapelekwa huko kulisha mifugo. Tarehe 8 Agosti 2023, kimbunga kilipokuwa kikipita mbali kusini, upepo ulivuma zaidi ya kilomita 90 kwa saa.

Moto wa kwanza hapo Lahaina uliripotiwa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi. Kufikia saa tatu ilitangazwa kwamba umedhibitiwa. Vikosi vilibaki kwa saa kadhaa vikiangalia, kisha vikaondoka; sehemu za juu za kisiwa nazo zilikuwa zikiungua siku hiyo hiyo. Kabla ya saa tisa alasiri moshi ukaonekana tena pale pale. Uchunguzi uliotolewa 2024 ulithibitisha kwamba moto wa alasiri ulitokana na ule wa asubuhi. Helikopta hazikuweza kuruka kwa upepo. Nguzo za umeme zilianguka barabarani. Simu za mkononi zilikatika. Ving'ora vya tahadhari, ambavyo Hawaii inajivunia kwa ajili ya tsunami, havikupigwa. Walikufa watu 102, na zaidi ya majengo 2,000 yaliteketea.

Nayataja haya ili nisieleweke vibaya. Maui walikuwa na chumba cha simu, redio, ving'ora na maafisa wenye vyeo. Chumba peke yake hakiokoi mtu. Kinaokoa pale ambapo aliyemo ndani ana njia ya pili ya kuwasiliana ya kwanza ikikatika, ana ruhusa ya kutoa tahadhari bila kumsubiri mkubwa, na hafuti moto kwenye orodha kwa sababu tu moshi umetulia. Anayeutazama mji wa Lamu kutoka baharini, au safu za makuti za Watamu na Diani, afikirie upepo wa namna ile na njia za kupishana punda wawili.

Hapa kwetu: moto mmoja, wenyewe wanne

Turudi nyumbani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya kuzima moto na kusimamia majanga. Lakini misitu ya umma iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kwa sheria ya 2016. Wanyamapori na hifadhi za taifa ziko chini ya KWS, kwa sheria ya 2013. Makaya ya Mijikenda, ambayo baadhi yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, yana wazee wake na yana Makavazi ya Kitaifa. Arabuko-Sokoke peke yake ina KFS, KWS, Makavazi na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, zote zikiwa na kazi ndani ya msitu mmoja.

Kwa hivyo moto unaoanza kwenye shamba la mahindi saa nane mchana ni wa kaunti. Saa tisa, ukiingia msitu wa serikali, ni wa KFS. Ukivuka kuingia hifadhi, ni wa KWS. Ukigeuka na upepo kuelekea kaya, unawangojea wazee na Makavazi. Moto wenyewe hausomi sheria. Ofisi zile tatu nilizozipigia hazikunidanganya; kila moja ilisema kweli kwa mujibu wa mipaka yake. Tatizo ni kwamba hapakuwa na ofisi ya nne ambayo kazi yake ni kusema: nimesikia, sasa huu ni wangu mpaka nimpate mwenyewe.

Agosti 2020 moto ulipokula sehemu ya Tsavo Magharibi, huko Taita Taveta, walioingia kupambana nao ni askari wa wanyamapori, mashirika ya uhifadhi na ndege zao, pamoja na wanakijiji waliojitolea. Moyo wa kusaidiana tunao, na si mdogo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kwa kuzima ni vivyo hivyo. Lakini watu wa asili tofauti, wenye redio tofauti au wasio na redio kabisa, wakiingia kichaka kimoja chenye moshi na ndovu, bila orodha moja ya majina, moyo huo huo waweza kuwaua.

Nimetaja ndovu makusudi. Shimba Hills anayetuma watu kichakani lazima ajue pia wanyama wamekimbilia wapi. Habari hiyo anayo askari wa KWS kwenye redio yake. Kijana wa kijijini mwenye tawi mkononi hana. Mtu wa kuunganisha habari hizo mbili ndiye huyo ninayemtafuta.

Kuna watakaoniambia: siku hizi kuna makundi ya WhatsApp. Niko kwenye matatu. Moto ukizuka, kundi la watu 250 hutoa picha 40 ndani ya nusu saa, na kati yake kumi ni za moto wa mwaka jana. Mtu anauliza "ni wapi?", anajibiwa na watu watano mahali patano. Mwingine anaandika dua, mwingine anamlaumu gavana, na yule aliyeko kwenye kilima chenyewe hana mtandao. Kundi linafaa sana kwa kuamsha watu. Kwa kuwapanga halifai, kwa sababu hakuna mmoja ndani yake anayewajibika kuhesabu.

Wengine watasema sisi si Marekani, hatuna pesa. Ni kweli, na sitaki tuige Boise. Ninachokiomba kwa kaunti zetu sita za Pwani hakizidi bei ya kulitunza gari moja.

Kwanza, namba moja ya simu kwa moto wa nyika na misitu katika kila kaunti, inayopokelewa saa 24, angalau kuanzia Desemba hadi masika yatakapotua. Si namba ya afisa fulani ambaye akihamishwa anaondoka nayo. Namba ya kiti.

Pili, daftari la safu sita: saa ya taarifa, mahali, nani ametumwa, wako wangapi, nani kiongozi wao, wamerudi saa ngapi. Ukiwa na kompyuta ni vizuri. Ukikosa, kalamu haihitaji umeme.

Tatu, makubaliano yaliyotiwa saini kabla ya kaskazi baina ya kaunti, KFS, KWS, Makavazi, wazee wa kaya, vyama vya jamii vya misitu na wenye hoteli, kwamba aliye karibu ndiye aendaye kwanza, mwenye eneo atamkuta huko. Marekani ndivyo wafanyavyo: kikosi kilicho karibu hutumwa bila kuangalia nembo iliyobandikwa mlangoni. Gharama na barua zitazungumzwa moto ukishazimwa.

Nne, utabiri. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ina maafisa katika kaunti. Kila asubuhi ya msimu wa moto, aliye kwenye kiti aupokee utabiri wa upepo na ausome kwa kila kikosi na kila kiongozi wa kijiji, na asihesabu kwamba amemaliza mpaka wote wamejibu. Sisi watu wa pwani tunajua kaskazi hukazana alasiri. Wavuvi wetu hupanga safari zao kwa upepo. Vipi tuwapeleke watoto wetu kwenye moto bila kuuliza swali ambalo mvuvi hawezi kutweka tanga bila kuliuliza?

Tano, redio za upepo kwa viongozi wa makundi ya kijiji, chache tu, na mahali palipopimwa ambapo zinashika. Nyuma ya vilima simu hufa. Tusingoje siku ya moto ndiyo tugundue.

Sita, na hili ndilo gumu: mamlaka. Aliye kwenye kiti awe na ruhusa, kwa maandishi, ya kutuma, kuzuia na kuwarudisha watu bila kupigia simu wakubwa watatu. Apewe pia kinga ya kukataa. Tuseme wazi linalojulikana. Mioto miwili ikizuka siku moja, na mmoja uko karibu na shamba la mheshimiwa, simu ya mheshimiwa italia. Akikaa pale kijana wa mkataba wa miezi mitatu asiye na karatasi ya kumlinda, gari litakwenda kwa mheshimiwa. Kipaumbele kikiwa kimeandikwa na kubandikwa ukutani, uhai, kisha mali, kisha msitu, atakuwa na la kuonyesha.

Na mtu huyo atunzwe. Moto ukienda vibaya, yeye ndiye atakayesikia sauti ya mwisho redioni. Zamu yake iwe na mwisho, awepo wa kumpokea, na baada ya msiba awepo wa kumsikiliza.

Kwa nini hatufanyi?

Nimejiuliza sana kwa nini jambo rahisi namna hii halifanyiki, na jibu nililonalo halinifurahishi. Gari la zimamoto lina rangi nyekundu. Linaegeshwa uwanjani, utepe unakatwa, picha zinapigwa, gavana anapanda ngazi na kupunga mkono. Mtu aliyeketi chumbani na daftari hana picha. Kazi yake ikifanywa vizuri, matokeo yake ni jambo ambalo halikutokea: kijana ambaye hakupotea, gari ambalo halikwenda upande usiofaa, nyumba ambazo hazikuungua. Hakuna anayekata utepe kwa jambo ambalo halikutokea.

Sisi wapiga kura tuna sehemu yetu. Kwenye vikao vya umma vya bajeti tunaomba vitu vinavyoonekana. Nimehudhuria vikao hivyo mara kadhaa na hata mimi, niliyeyaona niliyoyaona, mara ya kwanza niliinuka nikaomba gari. Ilikuwa rahisi kulisema. Mwaka uliofuata niliomba kiti, namba na daftari. Watu wakacheka, na karani akaniuliza aandike chini ya kifungu gani. Sikuwa na jibu. Leo ninalo: kifungu cha majanga, kile kile ambacho Katiba imewapa.

Yule kijana wa saba sasa ni mwendeshaji bodaboda na ana watoto wawili. Tukikutana hunitania, "Katibu, niandike, nimefika." Nami humjibu nimekuandika. Hatucheki sana. Aliyeungua ni mjomba wake.

Kijijini kwetu hatukungoja kaunti. Tuna daftari la safu sita, na kila anayekwenda kwenye moto huacha jina lake kwa mtu mmoja asiyekwenda. Tumewafundisha watoto wa shule kwamba ukitoka, hata kwa kunywa maji, unasema. Ni kidogo. Hakitazuia upepo wa aina ya Lahaina. Lakini hakuna tena atakayeingia kwenye moshi kumtafuta mtu aliyelala kwao.

Kabla kaskazi haijaanza, msomaji, nakuomba ufanye jambo moja. Ukimpata mwakilishi wako wa wadi, usimuulize kaunti ina magari mangapi. Muulize moto ukizuka kwenye kilima chenu saa nane za usiku, simu itapokelewa na nani. Akikutajia ofisi, muombe akutajie mtu.